Shajara ya kiuno: siku 84, benchi moja na njia ya Shela

Siku ya 1

Naanza kuandika leo kwa sababu nimegundua siyajui vizuri maumivu yangu mwenyewe. Nikiulizwa kiuno kilianza lini, kinauma upande gani, kinazidi nikifanya nini, kila mara natoa jibu tofauti. Basi siku yoyote nitakayokuwa na la kusema nitaliandika, na penye hesabu nitaweka hesabu.

Mimi ni mchongaji wa milango, Lamu, karakana iko Langoni. Nina miaka 43 na nimeshika patasi tangu nina 15. Nachonga kama alivyochonga baba: nimeketi chini juu ya jamvi, mbao imelala mbele yangu, mguu mmoja nimeukunja, wa pili nimeunyosha juu ya mbao kuibana isicheze, kichwa na mabega vimeinamia kazi. Kiuno kinaniuma mwaka wa sita.

Hali ilivyo leo. Nikiamka huchukua dakika 40 kabla ya kuweza kufunga kikoi bila kushika ukuta. Nachonga dakika 20 kisha nalala chali. Navaa mkanda mpana wa kiuno, mwaka wa pili sasa. Nameza vidonge karibu kila siku na tumbo limeanza kuwaka. Maumivu yanashuka paja la kulia mpaka karibu na goti. Na hili ndilo linalonikera kuliko yote: nasali juu ya kiti. Miezi 14 paji langu la uso halijagusa mkeka.

Nataka baada ya wiki 12 niwe nasujudu, nachonga saa nne kwa siku, na vidonge nimeviacha. Bila kupasuliwa.

Siku ya 2

Kupasuliwa kumetajwa. Mwaka jana nilisafiri hadi hospitali moja ya mbali nikapigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Daktari aliitazama muda mfupi, akasema diski zangu mbili za chini, vile vijimto vilivyo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa na zimetokeza, mgongo wangu ni wa mzee wa miaka sabini, nisiiname tena na nisibebe kitu, na mwisho wa mambo nitafika kwenye upasuaji. Nilirudi nyumbani na neno lile, "zimechakaa". Nikaacha kumbeba binti yangu wa miaka minne. Nikaacha kuinama hata kuokota nyundo, nikawa namwita mwanafunzi wangu aje aniokotee. Nafikiri siku ile ndiyo kiuno kilizidi, maana kabla yake nilikuwa naumwa lakini nafanya kazi.

Huku mtaani nimepewa majina mengine. Ami yangu anasema ni ngiri. Jirani anasema ni chango. Wapo wanaosema ni baridi iliyoingia mifupani kwa kulala sakafuni. Mzee anayenichua kwa mafuta ya nazi hasemi jina lolote, huniita tu, "Mwanangu, ndoo ulale hapa," kisha vidole vyake vinatafuta. Kwa siku mbili baada ya mikono yake huwa nina nafuu kweli. Simdharau hata kidogo, ila siku ya tatu ninarudi palepale.

Siku ya 4

Nimeonana na fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Kabla hajanigusa aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Mkojo unatoka sawasawa? Choo unakizuia? Kuna ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, pale panapokalia tandiko la punda? Mguu unalegea, unaburuza kidole? Homa, jasho la usiku, kupungua mwili? Umewahi kuanguka vibaya, umewahi kuugua saratani, kuna mwenye kifua kikuu nyumbani? Aliniambia kifua kikuu huingia mpaka kwenye pingili za mgongo. Jibu la ndiyo kwa maswali hayo, akasema, lingemfanya anipeleke hospitali leo hii, na kushindwa kuzuia mkojo pamoja na ganzi ya tandiko ni jambo la dharura, si la kungojea kesho.

Majibu yangu yote yalikuwa hapana. Akanipima nguvu za miguu, akagonga magoti kwa kinyundo chake, kisha akaiinua ile picha ya MRI kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundi, hii ni picha ya mgongo. Si picha ya maumivu."

Akanieleza. Kuna pingili 24 zinazocheza, 5 kati yake ni za kiuno, na kati ya pingili na pingili kuna diski, isipokuwa mbili za juu kabisa shingoni. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20 tu, 37 kati ya kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 40 ni 68 kati ya 100, na nusu yao diski zimetokeza. Kwa wenye miaka 80 ni 96 kati ya 100. Watu hao wanatembea, wanabeba maji, wanalala usingizi wao.

"Mvi kichwani zinauma?" aliniuliza. Nikasema hapana. Akasema mambo mengi yaliyo kwenye picha yangu ni mvi za ndani.

Nilinyamaza kwa muda mrefu pale. Mwaka mzima nimetembea kama mtu aliyebeba chungu chenye ufa.

Siku ya 5

Usiku sikulala vizuri kwa kuyafikiria. Kama diski si kosa, mbona naumwa? Nimempigia simu kumuuliza. Jibu lake nitaliandika kwa maneno yangu.

Maumivu ni mlinzi wa zamu. Kazi yake ni kupiga kelele kabla mwizi hajaingia. Huenda miaka sita iliyopita niliumia kweli, msuli au mshipa ulivutika, na ukapona ndani ya wiki chache kama inavyopona misuli. Lakini mlinzi alishtuka. Tangu hapo, paka akipita juu ya paa anapiga mayowe mtaa mzima uamke. Na kila nikikimbia kulala chali, nikifunga mkanda, nikikataa kuinama, mlinzi anaona ndiyo, hatari ipo, mwenye nyumba mwenyewe amejificha. Mayowe ni ya kweli, nayasikia na yanatesa. Mwizi ndiye hayupo.

Dawa yake ni kumpitisha paka mbele ya mlinzi kila siku, kidogo kidogo, mpaka amzoee. Na Lamu hakuna upungufu wa paka.

Siku ya 6 hadi 12

Kutembea. Dakika sita kwenda, sita kurudi, njia ya pwani mpaka Mkunguni mbele ya ngome. Siku ya 9 nimeongeza hadi kumi. Maumivu 6 kati ya 10 nikiondoka, 5 nikirudi.

Na kulala kifudifudi. Hili lina hadithi yake. Mwaka 1956, katika mji wa Wellington, New Zealand, fizio mmoja aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake alale kitandani kifudifudi amngojee. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa na mgonjwa hakujua, akalala hivyo hivyo, mgongo umekunjika kwa nyuma. McKenzie aliporudi baada ya dakika kadhaa alishtuka, lakini mgonjwa alikuwa anasema mguu haujawahi kuwa na nafuu kama ile kwa wiki nyingi. Kutokana na ajali hiyo McKenzie akajenga mazoezi yanayotumika mpaka leo.

Nimejaribu. Nalala kifudifudi dakika mbili, kisha najiinua kwa viwiko, nyonga zikibaki chini. Siku tatu za kwanza hakuna kitu. Siku ya 11 maumivu yalitoka kwenye goti yakapanda nusu ya paja, na kiunoni yakazidi kidogo. Nilitaka kuacha. Fizio akasema hiyo ndiyo alama njema: yakirudi juu kuelekea kiunoni endelea, yakishuka mguuni acha. Si kila mtu kiuno chake hupenda kukunjwa nyuma, akanikumbusha, wengine hupata nafuu kwa kukunja mbele. Unajipima, mwili unajibu.

Siku ya 16

Nimevua mkanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na linashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida, pia mgongo usivutwe kwa mashine. Yaliyopendekezwa ni kuelimishwa, mazoezi, kuchuliwa na kunyooshwa viungo, na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na hofu. Kwa hiyo mzee wangu wa mafuta ya nazi ana nafasi yake, ila si peke yake. Kwa hesabu za shirika hilo, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Nilikuwa najiona peke yangu pale kwenye kiti msikitini.

Bila mkanda najihisi uchi. Maumivu hayajaongezeka.

Siku ya 20 hadi 26: benchi

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja, kwa kuwa ni kazi ya mikono.

Nimepima kiwiko changu nikiwa nimesimama, mkono umekunjwa: inchi 41. Kazi ya kuchonga inataka uso wa benchi uwe chini ya kiwiko, ili gongo, nyundo ya mbao ya kupigia patasi, lishuke kwa uzito wake na bega lisipande. Nilikata miguu ya benchi kwa kimo cha inchi 36. Mbao za miguu ni mvule, nne kwa nne, zimebaki kutoka fremu ya zamani. Uso ni mwembe wa inchi mbili. Ulimi na tundu, hakuna msumari.

Nikasimama, nikaweka kipande cha mbambakofi, nikachonga waridi la kwanza, lile ua la pambo la mlango. Shingo ikaniambia mara moja: chini mno. Ili nione mstari wa patasi nilikuwa napinda kama ninavyopinda chini kwenye jamvi. Nikaweka vipande vya inchi mbili chini ya kila mguu. Inchi 38. Hapo macho yalifika, mabega yakatulia.

Kosa la pili lilikuwa mtetemo. Nikipiga gongo katikati ya benchi, mbao inaruka na nguvu inapotea, nami nalipia kwa kupiga zaidi. Nikisogeza kazi mpaka juu kabisa ya mguu wa benchi, pigo linashuka moja kwa moja sakafuni na patasi inazama kama kwenye jibini. Nimetoboa matundu ya vigingi pale juu ya miguu miwili ya mbele, mbao inabanwa kwa kigingi na kabari. Mguu wangu wa kulia sasa uko huru, baada ya miaka 28 ya kuwa jiriwa.

Mwisho nimeweka ubao chini, kimo cha inchi 6, wa kuegesha mguu mmoja. Nabadilisha kulia na kushoto.

Siku ya 29

Benchi halikunisaidia wiki hii na imenisikitisha. Kiuno kinauma kwa kusimama kama kilivyouma kwa kukaa. Nilipotazama maandishi yangu nikaona sababu. Jumanne nilisimama saa tatu bila kuondoka, kwa furaha ya kazi mpya. Niliamini kwamba kukaa chini ndiyo ubaya na kusimama ndiyo wema. Ubaya ni kukwama. Baba alikaa chini miaka hamsini na hakulalamika kiuno, lakini nikikumbuka vizuri, baba alikuwa haishi kuinuka: anoe patasi, ajibu salamu, aende akaone jahazi gani imeingia.

Saa ya simu ikilia huwa naizima. Kwa hiyo kipimo changu kitakuwa kazi yenyewe: kila waridi likiisha, naondoka kwenye benchi. Waridi moja la mlango huchukua karibu dakika 25. Natembea mpaka mlangoni na kurudi, nainama, najinyoosha. Waridi linalofuata, nachonga nimekaa chini kwenye jamvi. La tatu, benchini tena.

Siku ya 33

Kuinama upya. Fizio alinishikisha ufito mgongoni: uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse makalio, kisha niiname bila ufito kuachana na sehemu hizo tatu. Nyonga ndizo zinazokunjika, makalio yanarudi nyuma, magoti yanalegea kidogo. Akasema hii ni ya kubebea uzito tu, si kila mara. Kiuno kimeumbwa kujikunja na kuokota nyundo si dhambi. Nimeokota nyundo mara kumi. Mwanafunzi wangu alisimama akinitazama, kwa mazoea mkono wake ukawa unatangulia kila mara.

Ndoo ya mchanga: kilo 5, mara kumi, siku moja ndiyo moja siyo.

Siku ya 37

Kimenishika.

Tulikuwa tunashusha ubao wa mvule kutoka kwa punda, mimi na kijana, na kiuno kikafunga ghafla kama kufuli. Maumivu 9. Nilibaki nimeshikilia shingo ya punda nikitokwa jasho, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni lile neno la daktari.

Nyumbani wote walitaka nilale. Mke wangu alishatandika. Nililala saa mbili, kifudifudi, kisha nikamwambia, "Mama watoto, nisaidie kusimama." Tulitembea naye ndani, chumba hadi chumba, dakika nne. Baada ya Asri dakika tano. Kabla ya kulala dakika tano tena. Alikuwa na hofu kuliko mimi, nami nilimwelezea habari za Helsinki, mji mkuu wa Finland, huku tukitembea. Mwaka 1995 watafiti wa huko waliwachukua wafanyakazi 186 wa mji waliokuwa wameshikwa na kiuno, wakawagawa makundi matatu: walale siku mbili, wafanye mazoezi ya mgongo, au waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza. Walioendelea na shughuli zao ndio waliopona upesi zaidi, na waliolala ndio waliochelewa.

Siku ya 40

Maumivu 5. Miaka ya nyuma mshiko kama huu ulinilaza siku 12, niliwahi kuzihesabu. Hii ni siku ya tatu na nimechonga waridi mbili.

Nimefungua kurasa za nyuma kutafuta kilichotangulia. Uzito ulikuwa mdogo kuliko mbao nyingine niliyobeba wiki moja kabla. Lakini siku ya 35 nimeandika "mteja amekataa kumalizia pesa za mlango", na ya 36 "nimelala saa tatu tu". Sikuwa nimeunganisha. Fizio aliposikia hakushangaa hata kidogo. Mlinzi asiyelala, mwenye deni kichwani, husikia paka wawili pale penye mmoja. Nimeanza kuandika usingizi kila asubuhi kando ya maumivu, na chai ya baada ya Isha nimeiacha.

Siku ya 48

Kidonge cha mwisho nilimeza siku ya 46. Nilishauriana na fizio kwanza. Tumbo limetulia.

Kutembea dakika 30, mara tano kwa wiki. Kiasi hiki sikukichagua kwa kubahatisha: jarida la Lancet lilichapisha mwaka 2024 jaribio la Australia lenye watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliotembea kwa mpango, wakipanda polepole hadi dakika 30 mara tano kwa wiki na kupewa elimu, nusu yao walikaa siku 208 kabla kiuno hakijarudi. Wasiopewa mpango, siku 112. Miguu na njia tu, na njia ninayo.

Siku ya 52 hadi 61: kusujudu

Nilifanya kama kwenye ngazi, nje ya sala, jioni. Mito mitatu juu ya mkeka, paji la uso juu yake. Siku tatu. Kisha mito miwili. Kisha mmoja. Kiuno kilivuta kila ngazi mpya, na siku ya pili yake kikanyamaza.

Nilichagua jioni makusudi. Usiku tukilala diski hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana tunaamka warefu kwa sentimita moja hivi na kiuno kikiwa kigumu. Mchana uzito unayakamua. Kwa hiyo saa ya kwanza ya asubuhi si saa ya kujaribu kujikunja.

Siku ya 61, sala ya Isha, nyumbani, mke wangu na watoto nyuma yangu. Nilirukuu, nikainuka, nikashuka. Magoti, mikono, paji la uso. Mkeka ulikuwa na harufu ya ukindu mpya. Nilikaa kule chini kupita kiasi, mpaka mdogo akauliza nyuma yangu, "Baba amelala?" Nikainuka nikiwa na machozi na sala ikaendelea.

Alfajiri bado kwenye kiti.

Siku ya 75

Alfajiri, msikitini, safu ya pili, bila kiti.

Siku ya 79

Nimekwenda kijiji cha Shela na kurudi kwa miguu, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Wakati wa kurudi bamvua lilikuwa limejaa na njia imezama, nikavua viatu nikatembea ndani ya maji ya magotini nikishika ukuta wa bahari. Mwaka uliopita ningekaa kungoja mashua. Maumivu 2, na jioni 2.

Siku ya 84

Hali ya leo. Kikoi: dakika 5. Kuchonga: saa nne na robo, kwa kubadilisha benchi na jamvi. Vidonge: hakuna, siku 38. Ndoo: kilo 20. Goti na paja: hakuna kitu tangu siku ya 58. Kiuno: 1 au 2, siku nyingine 3 nikilala vibaya. Binti nimembeba leo kutoka chuoni mpaka nyumbani na alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka.

Mlango ulioanzwa kwenye benchi umekamilika, umebaki mfaa tu, ule ubao wa katikati zinapokutana mbawa mbili. Mwanafunzi wangu ana miaka 17 na jana nilimwona, baada ya waridi la tatu mfululizo kwenye jamvi, anajisugua kiuno kwa ngumi akidhani simwoni. Nikampima. Kiwiko chake ni inchi 39. Tumekata miguu ya mvule kwa kimo cha inchi 36, na vipande vinne vya inchi moja kando, maana bado anarefuka.